Msituuzie Dizeli kwa Jina la Delta

Kuna neno limekaa midomoni mwa watu wa huku kama lililoteremshwa: gari la stima ni la Nairobi, huku porini ni dizeli. Utalisikia steji ya Garsen. Utalisikia Minjila, pale magari ya Lamu yanapokata kona. Utalisikia hata kwenye semina za hoteli za Malindi, kwa watu ambao hawajalala delta ya Tana hata usiku mmoja. Husemwa kwa upole, mara nyingine kwa huruma, kana kwamba msemaji anatukinga na hasara. Mimi nalikataa. Nalikataa kwa sababu limejengwa juu ya picha ya delta ambayo wenye delta hawaijui, na gharama ya picha hiyo tunalipa sisi.

Tuanze na swali dogo: nani hasa hupanda dizeli huku? Simama kando ya lami ya Garsen asubuhi uhesabu. Dizeli ipo, sikatai. Kuna Land Cruiser za serikali, za polisi na za mashirika. Kuna mabasi ya Mombasa na Lamu, malori ya mifugo na maembe, trekta moja moja. Sasa yaondoe hayo yote barabarani utazame kinachobaki. Zinabaki pikipiki. Boxer na TVS zimepakia abiria wawili na gunia la mpunga katikati, au mbuzi aliyefungwa miguu, au mama mjamzito anayekimbizwa zahanati huku shemeji yake akimshikilia kwa nyuma. Hizo hazijawahi kuonja dizeli. Na ukifika mtoni, chombo ni mtumbwi wa kasia au boti yenye mashine ya kufunga nyuma, nayo hunywa petroli iliyochanganywa na oili.

Kwa hiyo ugomvi huu wa dizeli na stima, jinsi unavyoendeshwa, ni wa wenye magurudumu manne. Mtu wa Ozi ametajwa ndani yake kama mandhari. Yeye ndiye “porini” panapotajwa, matope yanayotajwa, umbali unaotajwa. Lakini safari yake yeye haipimwi na mtu.

Basi tuipime. Ozi iko chini kabisa, karibu na pale Tana inapoingia baharini Kipini. Jina ni kongwe kuliko mto wenyewe kupita hapo: zamani Ozi ilikuwa mto wake peke yake, hadi mfereji wa Belezoni ulipochimbwa karne ya 19 kuunganisha mito hiyo miwili, na Tana ikahama na maji yake kufuata mlango wa Kipini. Wasimulizi wa Pwani wanasema Fumo Liongo alitembea nchi hizi. Liongo alienda kwa miguu; mtu wa Ozi wa leo huenda kwa miguu, kwa mtumbwi, kwa boti, kisha kwa boda. Anakwenda shamba. Anakwenda Kipini kuuza samaki au kuwahi dawa. Siku ya shughuli kubwa anakwenda Witu au Garsen. Ukimjumlishia mwendo wake wote wa siku ya kawaida, hamalizi betri moja ya pikipiki ya stima, ambayo ikijaa huenda kama kilomita 70 hadi 90. Hofu ya kuishiwa chaji njiani, ambayo ndiyo hoja kubwa ya wapinzani, ni hofu ya mtu anayetoka Nairobi Ijumaa jioni akitaka kuamka ufukweni Jumamosi. Hofu hiyo ni yake halali, na akae nayo.

Sasa fuata lita moja ya petroli uone inavyofika. Inaingia nchini kwa meli, Mombasa, imelipiwa kwa dola. Inapanda lori la tangi, inapita Malindi, inashushwa kituo cha mafuta. Hadi hapo bei ni ile inayotangazwa na mamlaka ya nishati, EPRA, kila tarehe 14 ya mwezi. Kutoka hapo EPRA haipo tena. Mtu ananunua mtungi wa lita ishirini, anaufunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tyubu, anaushusha gatini, unawekwa chomboni kati ya gunia la sukari na miguu ya abiria. Ukifika ng’ambo unamiminwa kwa faneli iliyowekwa kitambaa cha kuchuja maji na mchanga, ukajaza chupa za plastiki zilizokuwa za maji ya kunywa, na chupa zikapangwa mbele ya duka. Jua likiwaka, vifuniko vinafura na harufu inaanza kutoka: hizo ni senti zinazoruka hewani kabla hata hazijaingia kwenye tangi la mtu. Kila mkono uliogusa umeongeza chake, nao ni haki yao, kubeba ni kazi. Lakini hesabu ya mwisho ni kwamba mvuvi wa mlango wa mto ananunua petroli kwa bei ya juu kuliko tajiri anayejaza V8 Westlands. Oktoba 2023 lita ilipofika shilingi 217.36 Nairobi, nchi nzima ilipiga kelele. Wa chupa za plastiki walikuwa wameshazoea bei mbaya zaidi, na hawakuwa na gazeti.

Na ndani ya kila lita hiyo kuna kitu ambacho kinanikera kuliko yote. Tangu Julai 2024 serikali inakata shilingi 25 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya kutengeneza barabara. Kabla ya hapo ilikuwa 18. Mvuvi anayewasha mashine ya boti kwenda kutega nyavu Ghuba ya Ungwana analipa shilingi 25 za barabara kwa kila lita anayoichoma majini. Hajakanyaga lami. Barabara yake ni maji, na hakuna greda linalokwenda kuichonga. Halafu anakuja bwana kutoka mjini kumwambia kwamba mafuta ndiyo yanayomfaa, stima aache.

Hesabu nyingine ni fupi. Pikipiki ya petroli ya kazi hutumia kama lita mbili na nusu kwa kilomita 100, mzigo ukiwa wa wastani. Chukua lita kwa shilingi 180, bei ya kituoni na si ya chupa: ni 450. Pikipiki ya stima, mwendo ule ule, hula kama uniti nne. Ukiikadiria uniti kwa shilingi 30, ambayo ni bei ya kumwonea mtumiaji, ni 120. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya stima ya kuchajia vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa uniti mchana na nane usiku wa manane, kabla ya kodi na makato. Kwa mtu wa boda tofauti hiyo ni karo. Dizeli haina jibu la hesabu hii, na ndiyo maana watetezi wake huikwepa wakakimbilia matope.

Kabla ya matope, kuna kambi. Maana ukimsikiliza vizuri mtetezi wa dizeli, utagundua kwamba moyoni mwake anazungumzia kambi. Anaona gari limesimama chini ya mkwaju, hema liko juu ya paa, friji inanguruma nyuma, mtungi wa akiba umefungwa ubavuni, na hakuna mtu wala plagi kwa kilomita mia. Picha hiyo ni nzuri. Imetengenezwa kwa ajili ya matangazo ya magari. Lakini hata huko ilikotoka, kila nchi ina namna yake ya kuiishi. Ulaya, mtu wa kambi huegesha nyumba yake ya magurudumu kwenye uwanja uliopimwa, akachomeka waya kwenye nguzo ya stima kabla hajatandika kitanda; kambi ya Mjerumani imekuwa na plagi tangu zamani, ingawa gari linalovuta ni la dizeli, na la stima likifungwa trela hupoteza karibu nusu ya mwendo wake. Australia ni umbali na trela ya boti. Mwaka 2019, katika kampeni za uchaguzi, Waziri Mkuu Scott Morrison aliwaonya wapiga kura kwamba sera ya wapinzani wake ya magari ya umeme ingewamalizia wikendi zao, kwa kuwa gari hilo halitavuta trela wala kuifikisha familia kambini. Alishinda uchaguzi. Hoja yake ndiyo tunayoiimba Garsen leo, ila sisi trela hatuna, na wikendi ni siku ya soko.

Sasa nenda Oman, kwa ndugu zetu waliotoka Unguja na Pemba na ambao wengine bado Kiswahili ndicho cha nyumbani. Huko msimu wa baridi ukiingia, familia hupakia Land Cruiser au Patrol wakaenda kulala kwenye mchanga wa Sharqiya: mazulia, birika la kahawa, mbuzi, watoto. Ni pori kavu kuliko lolote la Tana River. Na gari lile lile ambalo kwetu tunaapa haliwezi kuwa la kitu kingine ila dizeli, huko linakunywa petroli. Kwa nini? Kwa sababu petroli yao ilikuwa rahisi na watu wakaizoea, mafundi wakaijua, wauzaji wakaileta. Marekani pia, gari la familia la kwenda milimani ni la petroli. Dizeli ni ya pikapu kubwa za kazi. Ulaya ilijaa dizeli miaka ya 1990 na 2000 kwa sababu ya kodi, kisha ikaanza kuikimbia baada ya Volkswagen kunaswa Septemba 2015 ikidanganya vipimo vya moshi. Hakuna mahali ambapo pori lenyewe liliamua. Kodi iliamua, bandari iliamua, karakana iliamua. Kwetu dizeli ilishika kwa sababu magari ya serikali na misaada yalikuja nayo, fundi akajifunza nozeli na pampu, na lita yake kwa kawaida ikawa chini kidogo ya petroli. Ni mazoea, na mazoea yana heshima yake, ila yasivishwe kanzu ya maumbile.

Na kama ni kambi, Pwani hii ina kambi zake za tangu jadi ambazo hazina habari na hema la juu ya paa. Wavuvi huenda dago. Kaskazi ikitulia, vyombo vinaondoka kufuata samaki, watu wanajenga vibanda vya makuti ufukweni, wanakaa wiki na miezi mbali na wake zao, wanakausha ng’onda, wanauza, wanahama tena. Dago lilianza kwa tanga, na tanga halikuwa na bei ya EPRA. Upande wa bara, Waorma hushusha ng’ombe kwenye nyasi za delta kiangazi kikikaza, wakalala na mifugo yao mpaka mvua iwaruhusu kurudi. Hawa ndio wanaojua kupiga kambi Tana. Ukiwauliza wanataka nini kambini, hawatakuambia nguvu ya farasi mia mbili. Mvuvi wa dago anataka barafu, kwa sababu samaki asiye na barafu ana saa chache tu za bei nzuri, baada ya hapo ni huruma ya mchuuzi. Anataka taa. Anataka simu yenye chaji ajue bei ya Malindi. Mchungaji anataka tochi na simu hiyo hiyo. Kila kimoja katika hivyo ni stima! Huko Ziwa Victoria, upande wa Kenya, wavuvi wa omena tayari hukodi taa za betri zinazochajiwa kwa sola kwenye vituo vya ufukweni badala ya karabai za mafuta ya taa. Hakuna aliyewaambia kwamba ziwa ni porini.

Haya, matope na mafuriko. Hapa wapinzani hudhani wameshashinda. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilijaza bonde, na kabla watu hawajamaliza kukausha magodoro, Aprili na Mei 2024 mto ukapanda tena. Barabara zilikatika na vijiji vikahamia kwenye vilima na kandokando ya lami. Kila aliyepita wakati huo anajua linalotokea: pikipiki inasukumwa majini, maji yanafika kwenye kifyonza hewa, inakohoa mara mbili, inazima. Vijana wanne wanaiinua, wanailaza mtumbwini ubavu, tangi limefunikwa nailoni, na petroli inavuja polepole ikitengeneza rangi juu ya maji ya miguuni. Gari la dizeli nalo likivuta maji mahali pa hewa, pistoni inagonga kitu kisichogandamizika na fimbo yake inapinda. Hapo si suala la kukausha plagi, ni kufungua injini nzima. Ndiyo maana Land Cruiser zinafungwa lile bomba refu la kupumulia kando ya kioo. Mota ya stima haipumui. Haina kifyonza hewa, haina ekzosi, na betri yake hufungwa ikazibwa. Kwenye maji ya goti ya mtoni, ukiniuliza ipi itafika ng’ambo, sitaweka pesa yangu kwenye petroli.

Ila nitasema lililo kweli hata kama linanipunguzia: maji ya Ozi siku hizi yana chumvi, na chumvi na betri ya lithiamu havipatani. Baada ya kimbunga Ian kupiga Florida mwaka 2022, magari ya stima yaliyozama kwenye maji ya bahari yalianza kushika moto, mengine siku kadhaa baadaye. Hilo ni onyo la haki. Jibu lake kwetu ni betri ya kuchomoa, ile ya pikipiki yenye kilo ishirini na kitu, ambayo bahari ikipanda mtu anaibeba begani akaipandisha darini pamoja na mbegu zake. Gari zima huwezi kulipandisha darini. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza na vitu vidogo.

Nimeitaja chumvi, na hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wangu. Wazee wa Ozi walilima mpunga kwa ujanja ambao mhandisi angejivunia: bahari ikijaa, husukuma maji matamu ya mto juu, nayo yakatandaa mashambani yenyewe, bila pampu wala mafuta. Ujanja huo unahitaji mto wenye nguvu ya kuizuia bahari. Siku mto ukilegea, kinachopanda shambani ni maji ya chumvi. Mpunga unaungua, miembe ya babu inakauka imesimama. Na mto unalegea kwa sababu nyingi, ukame ni moja, maji yanayochotwa juu ni nyingine. Lakini kubwa kwa macho ni mabwawa. Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Matano hayo, yote juu ya Tana, yana uwezo wa karibu megawati 600. Yalibadilisha majira ya mto: gharika ndogo za kila mwaka zilizolisha mashamba zikapungua, tope lenye rutuba likabaki nyuma ya kuta, na mabwawa yakijaa hadi pomoni, maji yanashuka kwetu.

Basi fikiria. Basi la stima linalopita Nairobi likisifiwa kwa hewa safi limechajiwa kwa gridi ambayo zaidi ya asilimia 80 yake ni nishati jadidifu: mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana, na mto wetu. Mtu wa Ozi ameshalilipia basi hilo kwa mpunga wake. Halafu anaambiwa stima haimfai, anunue petroli kwenye chupa. Penye miti hapana wajenzi, ndivyo walivyosema, ila hapa wajenzi walikuja, wakakata, wakaondoka na mbao.

“Lakini huko hakuna stima.” Hoja hii husemwa kwa sauti ya mtu aliyefunga mjadala. Laini kubwa ya kilovolti 220 inatoka Rabai, inapita Malindi, ina stesheni yake Garsen, inaendelea hadi Lamu. Ilijengwa katika muongo wa 2010 na ndiyo iliyoiondoa Lamu kwenye majenereta ya dizeli, yaliyokuwa yakilishwa mafuta usiku na mchana. Lamu, kisiwa, ilitoka kwenye dizeli ikaingia kwenye stima na hakuna aliyelia. Nyaya zinapita juu ya vichwa vya watu ambao nyumbani kwao hazijashuka. Hilo ni uamuzi wa watu, na uamuzi hubadilishwa. Serikali yenyewe, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa 2017, iliitaja Tana River miongoni mwa kaunti 14 za kupelekewa sola nje ya gridi. Na hata bila nguzo, jua lipo: paneli za kilowati moja, yaani paneli mbili au tatu za kisasa zenye ukubwa wa mlango, hutoa kama uniti nne siku yenye jua. Uniti nne ndizo kilomita 100 za boda. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza, taa za sola za delta hazikupata hata habari.

Majirani zetu hawasubiri tumalize kubishana. Ethiopia, Januari 2024, ilitangaza kuzuia uingizaji wa magari ya binafsi ya petroli na dizeli, si kwa mapenzi ya ndege na nyani, bali kwa sababu dola za mafuta zilikuwa zinaimaliza. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria husajiliwa ikiwa ya stima tu. Kwetu, Septemba 2023 Rais alizindua pikipiki za stima Mombasa, na siku chache baadaye akaonekana akiendesha mwenyewe kigari cha stima kuelekea mkutano wa tabianchi Nairobi. Picha zilipendeza. Lakini toka Mombasa mpaka huku ni mwendo, na sera za Kenya huchoka zikifika Malindi.

Sitaki mtu aseme nimelewa betri. Basi la kutoka Mombasa kwenda Lamu ni zaidi ya kilomita 300, na baadhi yake ni njia ambayo hakuna dereva mwenye akili angetaka kusimama dakika arobaini akisubiri chaji. Waliouawa kwenye shambulio la basi Nyongoro, Januari 2020, hatujawasahau, wala misafara ya kusindikizwa na polisi. Njia hiyo iachiwe dizeli mpaka usalama na vituo vikamilike. Lori la ng’ombe vilevile. Boti ya kwenda bahari kuu, mkondo ukiwa mkali na upepo wa kusi usoni, mashine ya stima ya bei ya kawaida bado itamtia mvuvi mashakani. Ya kuvusha watu mlangoni mwa mto, hiyo inaweza. Na fundi wa Garsen aliyetumia miaka ishirini kujua nozeli anastahili kufundishwa kontrola na betri kabla hajaambiwa ufundi wake umepitwa, kwa gharama ya hao hao wanaoleta teknolojia.

Kuna adui mmoja wa stima ambaye namwogopa kuliko dizeli, naye ni mkataba. Biashara ya pikipiki za stima mijini imejengwa juu ya betri ambayo si yako. Unanunua chuma na magurudumu. Betri, ambayo ndiyo kitu ghali zaidi, ni ya kampuni, unaibadilisha kwenye kabati lake, kwa bei yake, na ukichelewesha malipo pikipiki inaweza kuzimwa kutoka ofisini. Nairobi makabati yako kila mtaa, mtu anaweza kuvumilia. Delta, kabati likiwa moja na mwenyewe ni mmoja, tutakuwa tumehama kutoka kwa mwenye chupa kwenda kwa mwenye kabati, na tofauti ni kwamba mwenye chupa angalau ni jirani na hukopesha. Betri ziwe za sacco ya boda na ya wavuvi, zikubali kuchajiwa popote penye jua, na zifunguliwe na fundi wa hapa. Bila hilo sitaunga mkono, hata moshi ukipungua vipi.

Mtetezi wa dizeli anapenda kuuliza kituo cha kuchaji kitajengwa wapi, akitarajia tutaje barabara kuu. Mimi nina mahali. Kijengwe gatini Kipini. Kiwe na paa la sola, friza la barafu, soketi za betri za pikipiki na za boti za kuvushia, na meza ya simu yenye bei iliyoandikwa ukutani. Kisiwe na nafasi ya gari hata moja. Mwenye Land Cruiser akifika na hema lake juu ya paa, tutamuuzia barafu.